Imamu Ghazali: Mwalimu Aliyejifunza Kufundisha

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa akili na elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwalimu wa walimu wote, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kijitabu hiki cha ukumbusho wa chama chetu kimekusanya habari za misikiti na vyuo vyetu, na za wazee waliovijenga kwa jasho lao. Imeonekana ni vyema kutia ndani yake habari za mtu mmoja ambaye jina lake hutajwa sana katika darsa zetu, lakini maisha yake hayajulikani na wengi. Mtu huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi humjua kuwa ni mwanachuoni mkubwa na mwandishi wa kitabu cha Ihya. Makala haya yatamtazama kwa upande mwingine, nao ni upande wa ualimu wake. Kwani yeye alifika kileleni mwa elimu akiwa kijana, kisha akatambua kwamba kujua ni kazi moja na kufundisha ni kazi nyingine, na kwamba hiyo ya pili hakuwa amekwisha kujifunza.

KUZALIWA KWAKE

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan. Magofu ya mji huo yako karibu na Mashhad, katika Iran ya leo. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa fundi wa kusokota sufu, akiuza kazi ya mikono yake. Hakuwa mtu wa elimu, lakini alipenda mno kukaa na wanachuoni, na kila alipowasikia akimwomba Mola wake ampe mtoto mwenye elimu. Mauti yalimfikia kabla hajaona matunda ya dua yake. Aliacha wana wawili wadogo, Muhammad na Ahmad, akawakabidhi kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu pamoja na fedha kidogo alizokuwa nazo, akamwusia awasomeshe.

Yule rafiki aliutekeleza wasia ule mpaka fedha zikesha. Naye alikuwa fakiri, hana cha kuwalisha. Basi akawashauri waingie katika madrasa ambayo wanafunzi wake walipewa chakula. Imamu mwenyewe alikuja kulikumbuka jambo hilo alipokuwa mtu mzima, akikiri kwamba wao waliitafuta elimu kwa ajili ya riziki, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya kitu chochote isipokuwa ya Mungu. Wazee wetu wanaochangia uji na mkate wa watoto wa chuo wasiidharau sadaka yao. Ni sahani ya chakula iliyomweka Ghazali madrasani.

KUSOMA KWAKE

Alianza fiqhi kwao Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan kuongeza elimu. Huko aliandika masomo yake yote katika makaratasi, akayafunga katika mfuko, akashika njia ya kurudi nyumbani. Njiani wanyang'anyi wakaushambulia msafara, wakachukua kila kitu. Kijana akawafuata, akimsihi mkubwa wao amrudishie makaratasi tu, maana hayakuwa na faida kwao, na ndani yake ndimo ilimokuwa elimu yake yote. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa mfuko hubaki hana. Kisha akaamuru arudishiwe.

Maneno yale yalimchoma. Aliyaona kuwa ni mawaidha yaliyotoka kwa Mungu kupitia kinywa cha mwizi. Aliporudi Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata akawa hana haja ya mfuko. Hilo ndilo funzo lake la kwanza katika kazi ya ualimu: mwalimu hawezi kutoa kilichomo kitabuni mwake tu, hutoa kilichomo moyoni mwake.

Kisha akaenda Nishapur kusoma kwa Imamu Al-Juwayni, ajulikanaye kwa jina la Imamul-Haramayn, aliyekuwa mkubwa wa wanachuoni wa Kishafii wa zama hizo. Hapo alisoma fiqhi, usuli, mantiki na ilimu ya majadiliano. Hata kabla mwalimu wake hajafariki, Ghazali alikwisha kuwa akiwasomesha wenzake na kuwaongoza. Katika madrasa za siku zile ndivyo walimu walivyopatikana. Mwanafunzi hodari huwarudilia wenzake somo la sheikh, huwafafanulia yaliyowapita, naye huku akijifunza ufundi wa kusema. Vyuo vyetu vya pwani na bara vimeirithi desturi hiyo, kwani ni mara nyingi mtoto aliyetangulia amekabidhiwa walio nyuma yake.

KUSOMESHA KWAKE BAGHDAD

Imamul-Haramayn alifariki mwaka 478 Hijria (1085). Ghazali akaenda kwa Nizamul-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambaye baraza lake lilikuwa makutano ya maulamaa. Akajadiliana nao akawashinda, na jina lake likaenea. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamteua awe mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1067, na hapakuwa na cheo cha ualimu kilichotamaniwa kuliko hicho. Ghazali alikuwa na umri wa miaka 34 kwa hesabu ya Hijria.

Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Wakubwa wa madhehebu mengine nao walihudhuria, wakistaajabia ufasaha wake. Na katika saa chache zilizobaki baada ya kusomesha na kuandika, alisoma falsafa peke yake bila ya mwalimu kwa muda usiotimia miaka miwili, akaongeza karibu mwaka mzima wa kuyatafakari aliyoyasoma, kisha akaandika kitabu chake mashuhuri cha kuwajibu wanafalsafa.

Mtu angedhani kwamba mwalimu wa namna hii hana la kuongeza. Alikuwa na elimu, ufasaha, cheo, mali na wanafunzi. Lakini Abdul-Ghafir Al-Farisi, mwanachuoni wa Nishapur aliyemjua uso kwa uso, ameeleza kwamba Ghazali wa siku zile alikuwa na ukali na kiburi. Aliwatazama watu kwa jicho la dharau, akighurika na wepesi wa ulimi na akili aliyojaaliwa.

ULIMI ULIPOFUNGWA

Mwaka 488 Hijria (1095) Ghazali alianza kuihesabu nafsi yake. Akaitazama kazi yake iliyo njema kuliko zote, yaani kusomesha, akajiuliza nia yake ni ipi. Akaona kwamba hasomeshi kwa ajili ya Mungu. Kinachomsukuma ni jaha na kuenea kwa sifa. Akawa siku moja huazimia kuondoka Baghdad, na siku ya pili huivunja azma yake. Asubuhi hutamani Akhera. Jioni matamanio ya dunia humrudisha nyuma. Hali hiyo ilidumu karibu miezi sita tangu mwezi wa Rajabu.

Mwisho Mwenyezi Mungu akaufunga ulimi wake. Alijilazimisha kusomesha hata siku moja tu ili awaridhishe waliokuja kumsikiliza, lakini neno halikutoka. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula kikawa hakipiti kooni, mwili ukadhoofika. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba maradhi haya yameanzia moyoni, wala hayana dawa mpaka moyo wenyewe utulie.

Na tulizingatie jambo hili. Ulimi ule ule uliowashinda maulamaa katika baraza la waziri ulishindwa kusomesha somo moja. Hakupungukiwa na elimu hata kidogo. Kilichopungua ni kile kinachoifanya elimu ivuke kutoka kwa mwalimu hata imfikie mwanafunzi ikiwa na uhai.

Basi katika mwezi wa Dhul-Qaada wa mwaka huo aliondoka, akidhihirisha kwamba anakwenda Makka. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake, na nduguye Ahmad akashika nafasi yake madrasani. Alikwenda Damascus, akawa hujifungia mchana kutwa katika mnara wa msikiti mkuu. Akaenda Baitul-Muqaddas, akazuru Al-Khalil lilipo kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), na huko akaweka nadhiri tatu: asiende kwa mtawala, asipokee mali ya serikali, na asiingie tena katika mabishano ya hadharani. Akahiji mwaka 489 Hijria (1096), kisha akarejea kwao.

ALIYOYAANDIKA JUU YA MWALIMU

Katika miaka hiyo ya upweke aliandika Ihyau Ulumid-Din, kitabu chenye vitabu 40 ndani yake, vilivyogawanywa robo nne. Wa kwanza katika hivyo 40 ni kitabu cha elimu, na humo ameweka mlango mzima juu ya adabu za mwanafunzi na za mwalimu. Mwenye kuyajua maisha yake hatashindwa kuona kwamba hayo hayakuandikwa na mtu aliyekaa mbali na darasa. Yameandikwa na mtu aliyesomesha mamia, kisha akaikagua kazi yake mwenyewe. Wajibu wa mwalimu aliuhesabu kuwa ni mambo manane.

La kwanza, awahurumie wanafunzi na awatazame kama wanawe wa kuwazaa. La pili, amfuate Mtume (S.A.W.) kwa kutotaka malipo wala shukrani kwa elimu anayoitoa. Hapo ametoa mfano mzuri wa mtu aliyeazimwa ardhi alime kwa faida yake. Huyo mkulima ndiye apasaye kumshukuru mwenye ardhi. Kadhalika mwanafunzi ameuazimisha moyo wake, na thawabu anayoivuna mwalimu ni kubwa kuliko faida ya mwanafunzi. Ifahamike, hata hivyo, kwamba wanachuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii wamejuzisha ujira kwa mwenye kufundisha Qur'ani. Maneno ya Imamu ni ya kumsafisha mwalimu nia yake. Hayakuwekwa ili jamaa ya Waislamu wapate udhuru wa kumwacha mwalimu wao na watoto wake na njaa.

La tatu, asimfiche mwanafunzi nasaha, wala asimwache arukie daraja asiyoistahiki bado. La nne, amkanye kwa ishara kadiri iwezekanavyo na kwa huruma, asimfedheheshe mbele ya wenzake. Kwani kumkemea waziwazi humwondolea haya na kumtia ujasiri wa kuasi. La tano, asizidharau elimu za wengine mbele ya wanafunzi wake. Alikuwa amewaona walimu wa lugha wakiibeza fiqhi, na walimu wa fiqhi wakiipuuza hadithi na tafsiri, naye akaiona tabia hiyo kuwa ni aibu, kwa sababu mwalimu anayewafungia wanafunzi mlango wa elimu nyingine amewadhulumu.

La sita, ampe kila mwanafunzi kwa kiasi cha ufahamu wake, asimtwishe lile ambalo akili yake haijafikia, asije akaikimbia elimu. La saba, mwenye ufahamu mdogo apewe yaliyo dhahiri na yanayomfaa, wala asiambiwe kwamba nyuma ya hayo yako mengine ya ndani anayonyimwa. Kwani hilo litamvunja moyo na kumtia shaka, adhani mwalimu anamfanyia ubahili. La nane, mwalimu ayatende anayoyafundisha. Mwenye kuwakataza watu chakula kwa kuwa kina sumu, huku yeye anakila, watu watamcheka na hamu yao ya kukila itazidi. Na kivuli hakiwezi kunyooka ikiwa mti wenyewe umepinda. Mwalimu asiyetenda amemfananisha na kinoo, kinachonoa visu na chenyewe hakikati, na sindano, inayowashonea watu nguo na yenyewe iko uchi.

Katika robo ya tatu ya kitabu hicho, alipozungumza juu ya kuitengeneza tabia, ameonya kwamba tabibu anayewapa wagonjwa wote dawa moja atawaua wengi wao. Vivyo hivyo mlezi anayewaongoza watu wote kwa njia moja atawaangamiza. Yampasa kwanza aitazame hali ya kila mmoja, umri wake, tabia yake, na kiasi anachoweza kukistahimili.

JUU YA WATOTO WADOGO

Imamu hakuwasahau watoto. Mtoto kwake ni amana mikononi mwa wazazi, na moyo wake ni johari safi isiyochorwa kitu, inayokubali kila mchoro. Akitenda jema, asifiwe na atunukiwe mbele ya watu. Akikosea mara ya kwanza, afadhali mtu ajifanye hakuona, hasa mtoto mwenyewe akiwa amelificha kosa lake. Akirudia, aonywe kwa siri. Wala asisemwe sana kila saa, kwani mtoto aliyezoea lawama huwa hazimgusi tena, na maneno ya mlezi hupoteza uzito.

Na mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri wa kumpumzisha. Kumnyima mchezo na kumkaza kwa masomo bila ya kikomo huua moyo wake, hufifisha akili yake, na humfundisha hila za kuikimbia elimu. Fimbo ilikuwa ada ya walimu wa zama zake, naye hakuifuta. Lakini katika mpango wake wa malezi ametanguliza haya, sifa na upole. Maneno haya yana umri wa zaidi ya miaka 900, na bado wako walimu na wazazi ambao hayajawafikia.

Tena hakuridhika kuwaandikia wajuao Kiarabu tu. Muhtasari mkubwa wa mafunzo yake aliuandika kwa Kiajemi, lugha ya watu wa kwao, katika kitabu cha Kimiyayi Saadat. Ndiyo njia waliyoifuata kwetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) na Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982), waliowaandikia Waislamu wa Afrika ya Mashariki dini yao kwa Kiswahili.

KURUDI KWAKE DARASANI

Baada ya miaka kumi na moja ya kujitenga, waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nizamul-Mulk, alimwita asomeshe katika Nizamiyya ya Nishapur. Akasita, akawashauri watu wema, kisha akakubali katika mwezi wa Dhul-Qaada wa mwaka 499 Hijria (1106). Ameeleza mwenyewe kwamba, ijapokuwa watu walimwona amerudi kusomesha, yeye hakuona kuwa amerudi pale pale. Zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha. Sasa akawaita watu kwenye elimu ya kuiachia jaha, akiitaka kwanza nafsi yake itengenee, kisha za wengine.

Abdul-Ghafir alikwenda kumwona mara nyingi katika siku hizo. Kwanza alidhani upole anaouona ni wa kujitia tu, maana alimkumbuka yule wa zamani. Akachunguza na kupeleleza, hatimaye akasadiki kwamba ni kweli, mtu amebadilika baada ya kuwa na maradhi ya moyo. Ushahidi huu una thamani kubwa, kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyeona hali zote mbili.

Mwisho alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya masufii. Wakati wake aliugawa baina ya kusoma Qur'ani, kukaa na watu wa ibada, na kusomesha. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka yake ya mwisho alirejea kuwa mwanafunzi, akakaa na wanachuoni wa hadithi na kuzidurusu Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Hadithi haikuwa fani aliyoibobea. Ndiyo maana katika Ihya zimo hadithi dhaifu, ambazo Hafidh Zaynud-Din Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 Hijria (1404), alizichambua na kuzibainisha. Ghazali aliuona upungufu huo, wala umri na jina lake havikumzuia kukaa chini asome.

Alifariki Tus siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal-Ukhra mwaka 505 Hijria, sawa na 18 Desemba 1111, akiwa na umri wa miaka 55 ya Hijria.

YATUPASAYO SISI

Ndugu Waislamu, Ihya ilienea duniani, nayo ilipata heshima kubwa kwa masharifu wa Hadhramaut, ambao baadhi yao walikuja kusomesha katika mwambao wetu. Na kutoka mwambao, katika karne ya 19, Uislamu ulipita Tabora na Ujiji ukavuka hata kando za maziwa na nchi ya Kongo, ukaja na chuo, ubao na mwalimu. Kwa hiyo Imamu huyu si mgeni kwetu, na hesabu aliyoifanya juu ya nafsi yake inatuhusu.

Sisi tukitafuta mwalimu wa chuo, aghalabu huuliza amehitimu nini na kwa nani. Ni swali la haki. Lakini Ghazali wa Baghdad angelijibu kuliko mtu yeyote, na bado ulimi wake ulifungwa. Yapasa tuulize pia kama anawajua watoto wake mmoja mmoja, kama anakanya bila ya kufedhehesha, na kama yeye mwenyewe bado anasoma. Na chama kijiulize kama kinampa mwalimu riziki ya kumtuliza, vitabu vya kumwongezea elimu, na nafasi ya kukaa na walimu wenzake wakaonyeshana njia. Tumejenga vyuo kwa matofali, na hilo ni jema. Lakini mtoto akikimbia chuo hayakimbii matofali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali na awarehemu walimu wetu waliotangulia, awape waliopo subira na nia safi, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.